Bakuli la Tima na kijiko cha pili

Saa kumi na moja alfajiri, Tima Jamal yuko jikoni anakoroga maziwa. Hakai chini, hatazami simu, haongei na mtu, maana maziwa ni kama mtoto mchanga: ukigeuka tu, yameshafanya yake. Mtu wa kuongea naye pia hayupo.

Yakichemka anatia iliki, kisha tambi alizokaanga kwa samli. Halafu anaipua sufuria na kuiacha ipoe ndani ya beseni la maji. Baadaye ataongeza embe la Makueni lililopondwa, na juu kabisa, asali ya Ikutha. Hiyo ndiyo tambi baridi ambayo tangu mapema mwaka huu inawafanya watu wafunge safari hadi Kitui mjini wakiwa na simu mkononi.

Video yake umeiona, usijisingizie. Bakuli moja la udongo, vijiko viwili, na sauti ya msichana ikisema, "Guys, hii ni ya couples. Usikuje peke yako, utalia."

Msichana huyo, mwanafunzi wa chuo aitwaye Wangechi, hakuwa na ubaya wowote. Aliona vijiko viwili akadhani ni mapenzi. Kumbe vijiko vile vilianza kwa kosa la mjane.

Tima, au Mama Ilham kama wengi wanavyomwita kwa jina la mtoto wake, ana umri wa miaka hamsini na minane, na amezaliwa Kitui. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, akaoa, akasahau kurudi. Mumewe, Abdulatif, alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwao palikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kitamu hakiliwi peke yako.

"Ugali unaweza kula peke yako, ukishiba basi," anasema Tima. "Lakini kitamu ukila peke yako, mwanangu, umekula nini?"

Kila jioni baada ya Magharibi walikaa na bakuli moja, kila mtu akila kutoka upande wake kuelekea katikati. Tonge la mwisho, la katikati, lilikuwa la kugombania: malizia wewe, hapana, malizia wewe.

"Miaka thelathini tumegombania tonge moja," anasema. Anacheka, kisha anainama kutazama sufuria yake, na kicheko kinaishia hapo.

Abdulatif alifariki miaka minne iliyopita. Cherehani iliuzwa, na pale ilipokuwa Tima akaweka meza na viti, akaanza kuuza tambi. Mteja wa kwanza alikuwa Wayua, mama wa makamo kutoka Ikutha, safari ndefu ya basi, ambaye kila Jumanne alileta asali madukani. Tima alimpakulia bakuli kama alivyozoea kupakua, la watu wawili, akaweka na vijiko viwili.

"Hii kijiko ingine ni ya nani?" Wayua akauliza.

Kusema ni cha marehemu, Tima aliona haya. Akajibu, "Ni cha mwenye duka."

Wayua akavuta kiti. "Basi mwenye duka akae. Hata mimi kwangu nakulanga peke yangu."

Tangu siku hiyo, mama yeyote aliyeingia peke yake aliletewa vijiko viwili, na Tima akaketi naye. Waliketi hapo muuguzi aliyetoka zamu, mwalimu aliyehamishiwa Kitui asijue mtu, na msichana aliyekuja kutafuta kazi akaikosa. Jumanne ilikuwa ya Wayua. Walizungumza habari za nyuki, za mvua iliyokataa, na za watoto wanaopiga simu siku ya sikukuu tu.

Kisha ikaja ile video.

Zamani Tima aliuza mabakuli kumi kwa siku. Sasa Jumamosi yanafika sabini, kwa shilingi mia mbili kila moja. Paa limerekebishwa, na wasichana wawili wameajiriwa kuosha vyombo.

"Riziki nimeipata, sikufuru," anasema. "Lakini sijaketi dukani kwangu tangu mwezi wa pili. Wanakuja wawili wawili. Kila kijiko kina mwenyewe."

Wanapiga picha bakuli. Wanapiga picha mkono wake ukimimina asali. Uso wake hauhitajiki, na mwenyewe anasema hadai, ila kuna saa anatamani mtu amuulize ameamkaje.

Na hilo silo linalomuuma zaidi. Linalomuuma ni Jumanne moja ya Aprili. Duka lilikuwa limefurika. Wayua alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha pembeni, bakuli mbele yake, ameanza upande wake na anamsubiri Tima aje upande wa pili. Wakaingia vijana wawili kutoka Nairobi, mvulana na msichana, wakakosa pa kukaa. Tima, jasho likimtoka, akamwinamia rafiki yake.

"Dada, nisaidie kiti kidogo. Hawa wametoka mbali."

Wayua akasimama na bakuli lake. Tima akarudi kumimina asali.

Watu walipopungua alimtafuta. Alilikuta bakuli uani, nyuma ya duka, juu ya pipa la maji, limefunikwa sahani. Upande wa Wayua ulikuwa umeliwa vizuri, kama kawaida yake. Upande wa Tima haukuguswa, wala katikati.

"Nikasema wametoka mbali," Tima anasema polepole. "Na yeye alikuwa ametoka Ikutha."

Alimpigia simu kuomba radhi. Wayua akamjibu kwa upole, "Mama Ilham, hakuna shida. Nilikuwa tu na haraka." Wayua na haraka, wapi na wapi? Tangu siku hiyo asali inakuja kwa basi, kila Jumanne bila kukosa, mtungi umefungwa kitambaa mdomoni. Mwenye asali haji.

Basi Tima ameamua. Ukitaka kuionja tambi hiyo, duka liko kichochoro cha nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, na siku yoyote utapata, uje na umpendaye. Isipokuwa Jumanne. Kuanzia mwezi huu, Jumanne mlango una karatasi: "Leo ni ya aliye peke yake." Ndani vinabaki viti viwili tu.

Jirani yake, Syombua, anayeuza viatu, anaona huo ni wazimu. "Wateja wako mlangoni na unawafukuza? Mama Ilham, uko sawa kweli?"

Jumanne ya kwanza waliingia wanawake wawili tu, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aliuliza kwanza kama kweli anaruhusiwa. Tima aliketi nao wote wawili. Saa nane alijifunga mtandio akaenda stendi.

Mwendesha boda angemletea mtungi kwa shilingi hamsini, lakini wiki hizi zote amekuwa akienda mwenyewe. Basi la Ikutha linapoingia, yeye hatazami buti inakoshushwa mizigo. Anatazama mlango. Anamtazama kila anayeshuka mpaka wa mwisho, hata baada ya kondakta kumwekea mtungi miguuni.

Jumanne hiyo Tima hakuondoka mara moja. Alimpa kondakta mtungi mtupu wa wiki iliyopita, urudi Ikutha kama kawaida. Kwenye mshikio wa mtungi alikuwa amefunga kitu kwa kile kitambaa cha Wayua, akakaza fundo mara mbili.

Kilikuwa kijiko.

"Ni chake," alisema, basi lilipogeuza. "Bakuli liko kwangu. Nimempa mpaka Idd. Asipokileta mwenyewe, nitafunga duka, nibebe bakuli, nikifuate kijiko huko huko Ikutha."