Komeo la Nje

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Bawaba, kwanza kwa sababu kazi yake ilikuwa milango na vitasa, pili kwa sababu hakujua kukaa kitako. Ukimkaribisha kitini ataonja ukingo tu, kisha huyo, ameshaufuata mlango wako, anafungua, anafunga, anatega sikio. "Huu unalia. Nikikuachia hivi, leo nitauota." Kwenye harusi yake mwenyewe alionekana akikaza bawaba za mlango wa ukumbi huku bibi harusi akisubiri kupigwa picha. Mke huyo, ambaye ni mshonaji, alishazoea kuzungumza naye akimfuata chumba kwa chumba.

Kwenye kazi, hata hivyo, alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutoboa tundu lolote aliuliza komeo likae upande gani, na upande wa pili atakuwa nani. Wateja walimcheka. "Fundi, umeanza upolisi lini?" Yeye wala. Bila jibu, drili haikutoka mfukoni.

Ijumaa ile hakuuliza. Mteja alikuwa Kocha, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye sasa aliifundisha timu ya maveterani. Humo Bawaba alicheza winga, maana golini asingeweza kusimama hata wangemfunga kamba. Kocha alitaka komeo kwenye mlango wa chumba cha kulala, upande wa nje, wa sebuleni. "Wezi wamezidi," alisema. Kisha wakaingia kwenye penalti ambayo Bawaba aliipaisha juu ya paa la jirani, na tangu hapo mdomo ukafanya kazi kuliko mikono. Walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Mke wa Kocha akaleta maji ya kunywa. Bawaba alimjua kama mwanamke wa maneno, mtu wa kumtania shemeji yake mpaka shemeji atafute njia. Siku hiyo alisimama tu na trei yake, akizitazama skrubu mkononi mwa fundi.

"Shemeji, hizo zinaingia ndani sana?"

"Hizi?" Bawaba akainua moja kwa majivuno. "Shemeji, hapa hata tembo hatoki!"

Kocha akaangua kicheko. Bawaba naye. Mwanamke akakusanya bilauri na kurudi jikoni.

Alikuwa njiani kurudi kwake, mfuko wa vifaa begani, maneno yake mwenyewe yalipomrudia. Akapunguza mwendo. Komeo la nje lisilo na kufuli halimzuii mwizi hata chembe. Mwizi analivuta kwa kidole kimoja na kujikaribisha. Komeo la namna ile linamzuia mtu mmoja tu, naye ni aliyeko chumbani. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza angeliona hilo. Yeye, fundi mzima, alikuwa anabishania penalti.

Akajitia hamnazo. Labda Kocha ataongeza kufuli. Labda chumba kile kitageuzwa stoo. Stoo gani yenye kitanda kilichotandikwa?

Nyumbani chakula hakikupita. Alipaka mafuta mlango wa jikoni, akakaza kitasa cha mbele, akakilegeza, akakikaza tena. Mkewe akasimamisha cherehani.

"Baba watoto, hiyo milango imekukosea nini?"

Akamweleza akiwa amempa mgongo. Alipofika kwenye lile neno la tembo alitaka kuliruka, lakini mke akangoja, na ikabidi alitoe.

"Ukamwambia hivyo yeye mwenyewe?"

"Nilikuwa natania."

"Na yeye alikuwa anauliza." Mke hakupandisha sauti, Bawaba angeona afadhali angepandisha. "Unajua ameacha kuja kushonesha? Nilipomfuata, Kocha alinipokea mlangoni na tabasamu lake, akasema mkewe amelala. Tena mchana kweupe! Yeye hamsikilizi mwanamke yeyote, anatuona wambea. Wewe anakusikia."

"Ni rafiki yangu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Bawaba aliona aibu, aibu ile ya kuchoma masikio. Na aliogopa pia. Kocha alikuwa mtu wa kumbeba mgonjwa wako hospitali bila kuulizwa, mtu wa kukuchekesha msibani. Kumpoteza huyo, na huenda timu nzima pamoja naye, si jambo la kulichukulia kirahisi. Alilala akigeuka huku na huku, mkewe akahamia kwa watoto.

Kesho yake alasiri maveterani walikuwa na mazoezi. Bawaba alivaa viatu vya mpira na kwenda, akitumaini kwamba mambo yatajisema yenyewe. Kocha alikuwa katikati ya uwanja na filimbi yake, mchangamfu kama kawaida.

"Shemeji hajambo?" Bawaba akauliza.

"Yupo, anapumzika. Kimbia, mzee, acha maneno!"

Bawaba akakumbuka lile la 'amelala'. Akasingizia msuli, akaondoka akichechemea mpaka kwenye kona, na kutoka hapo akatimua mbio, akapitia mfuko wa vifaa kwake, kisha moja kwa moja kwa Kocha.

Mlango wa mbele wa Kocha ulikuwa umerudishwa tu. Huo ndio ulikuwa ujanja wenyewe: jirani akipita aone nyumba iko wazi, haina siri. Ndani, komeo jipya lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho.

"Shemeji, ni mimi. Fundi."

Sauti ikatoka chini kabisa, karibu na sakafu.

"Umekuja kumtazama tembo?"

Bawaba akasogea mlangoni. Akavuta komeo. Mwanamke alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, shavu moja limevimba. Bawaba akaparamia bisibisi.

"Acha kwanza," mwanamke akasema. "Ukiling'oa nikiwa humu, atakayeulizwa ni mimi."

"Basi unataka nini, shemeji?"

Mwanamke alimtazama kama anayekagua iwapo swali lile lina mtego. "Kwenda kwa dada yangu. Na akirudi asinikute mimi. Akukute wewe."

Bawaba akampigia mkewe simu. Mke alifika na nyuzi bado zimemganda kwenye gauni, akamshika mwenzake mkono, wakaondoka na mfuko mmoja. Wala hakumwangalia mumewe mara mbili.

Kuling'oa lile komeo kulimtoa jasho, maana zile skrubu alizikaza mwenyewe. Alipomaliza, ikabaki kungoja, na kungoja ndiko asikokuweza. Alizunguka sebule. Mara akajikuta mlango wa mbele, mkono kwenye kitasa, kichwa kikimshauri kwamba kazi imekwisha, aende zake, Kocha atajionea. Akajirudisha. Akatoka tena mpaka kibarazani. Akajirudisha tena, akijitukana.

Kocha aliingia akipiga mluzi. "We! Msuli umepona?" Kisha akaona mlango wa chumba uko wazi na matundu yako matupu. "Yuko wapi?"

"Alikotaka kwenda."

"Nani kamfungulia?"

"Mimi."

Kocha akarudisha mlango wa mbele taratibu. "Bawaba, hayo ni ya mimi na mke wangu. Akinipanda kichwani namweka humo atulie kidogo, basi. Kuna kitanda, kuna feni. Nani alishakufa kwa kukaa chumbani kwake? Rudisha hilo komeo."

Bawaba akainama kwenye mfuko wa vifaa. 

"Narudisha," akasema, na akashika drili kweli, skrubu zikiwa kiganjani. "Ila jana sikukuuliza ninachowauliza watu wote. Upande wa pili atakuwa nani?"

Kocha akaitupia jicho drili.

"Leo uwe wewe. Ingia, nikufungie. Kuna kitanda, kuna feni. Mimi nitakuwa hapa nje, nitafungua nikijisikia."

Kocha akacheka. Alicheka peke yake, na hilo hakulizoea. Akaenda mpaka kizingitini, kifua mbele, akainua mguu. Akatazama dirisha lenye nondo. Akatazama sakafu pale karibu na ukuta. Akageuka kuziangalia zile skrubu ndefu kiganjani mwa rafiki yake, na mguu ukarudi ulikotoka.

"Wewe unaweza kunifungia kweli," akasema. 

"Ingia, basi."

Hakuingia. Filimbi ilikuwa bado shingoni mwake, inapanda na kushuka na pumzi. Bawaba akavuta kiti, akakaa kitako, akamngoja.