Michembe ya Mama kwenye Jua la Tucson

Ninyi wenzangu mliofika Marekani mkiwa bado mnang'oka meno ya utoto, nisaidieni kuwaambia watoto wetu wa Minnesota kwamba joto hawalijui. Juzi hapa Columbia Heights jua liliwaka kidogo tu, wanangu wakajifungia ndani na AC, wakilalamika kama watu wanaochomwa mishikaki. Nilicheka. Mimi nimekulia Tucson, mji wa chuo katikati ya jangwa la Arizona, ambako bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto, na chuma cha mkanda wa gari kilikuachia alama pajani.

Baba alikuwa akisomea uzamivu katika mambo ya umwagiliaji. Tuliishi kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia: Baba, Mama, mimi Neema niliyekuwa na miaka minane, na mdogo wangu Baraka. Masomo yakiwa yanaendelea, mji ulijaa baiskeli na muziki. Wanafunzi wakifunga chuo, wote walikimbilia makwao, na mji mzima ukabaki wetu. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kukimbia peku kutoka kivuli hadi kivuli, lami ikituunguza nyayo. Aliyevaa ndala alikuwa mwoga. Adhuhuri Mama alitupeleka maktaba ya chuo, si kwa kupenda vitabu, bali kwa ule ubaridi. Baraka alilala chini ya meza akikoroma, na hakuna aliyetufukuza.

Mama, Msukuma wa Shinyanga, hakulilalamikia lile jua hata siku moja. Alilitazama kama mtu aliyepewa jiko la bure. Alinunua viazi vitamu vyeupe kwenye duka la Wamexico, akavimenya, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya shuka kwenye ngazi ya nje. Nyumbani Shinyanga michembe huchukua siku kadhaa kukauka. Tucson unaianika asubuhi, jioni inagongana kama vigae.

Shida ilikuwa msimamizi wa nyumba zile, mzee mrefu mwenye kofia pana. Alikuwa ameshatuonya mara moja kwamba ngazi ni njia ya watu. Baba akaingiwa na hofu.

"Mama Neema, toa hivyo vitu. Tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi, nami nimebakiza sura moja tu ya tasnifu?"

"Baba Neema, wewe andika sura yako," Mama alimjibu. "Mimi chakula situpi."

Asubuhi moja, Baba akiwa chuoni, yule mzee akagonga mlango. Mama hakujua Kiingereza wakati huo. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi.

"Anasema nini?"

"Anasema tukianika tena hapa, tutahama."

"Mwambie hiki ni chakula, si takataka. Mwambie shuka ni safi, nimeifua kwa mikono yangu. Halafu muulize, yeye angependa nianike wapi?"

Nilisema yote bila kupunguza. Mzee alinitazama, akamtazama Mama, kisha akainama. Akaokota kipande kikavu na kukitia mdomoni kabla sijamwambia kwamba michembe huchemshwa kwanza. Tukasikia kha! Akashika shavu. Nikajua leo tumekwisha.

Mama alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mwambie aingie, jamani! Haitafunwi hivyo, inapikwa."

Akaingia, akavua kofia. Mama aliichemsha michembe, akaiunga kwa karanga zilizotwangwa, akamwekea sahani. Mzee alikula, akaongezwa, akala tena. Kisha akaniomba nimwambie Mama kwamba kwa bibi yake, pilipili zilikuwa zikianikwa juu ya paa hadi nyumba nzima ikaonekana nyekundu, na kwamba hakuwa amezikumbuka miaka mingi. Alipomaliza alitupeleka nyuma ya chumba cha kufulia, penye sakafu ya saruji inayopigwa jua kutwa. Akasema hapo hapapiti mtu. Kesho yake alileta wavu wa kuzuia ndege.

Baba aliporudi na kukuta shuka imehamia kule, aliuliza nani ameomba.

"Neema kazungumza na mzee," Mama alisema, akiendelea kumenya viazi. Usiku ule nilijiona mrefu kuliko Baba.

Sura ikaisha, Baba akapata kazi huku, tukahamia kwenye theluji. Leo Mama anakaa Woodbury kwa Baraka, na michembe anaikausha kwenye oveni. Hukauka, lakini haina ile harufu ya jua. Wajukuu wake wanaelewa Kiswahili chote, ila wanamjibu kwa Kiingereza, na yeye huwajibu kwa hicho hicho, maana miaka ya kuhudumia wazee kwenye nyumba zao za kutunzwa ilimfundisha kukisema bila kuogopa mtu. Nafurahi kwa hilo, kweli kabisa.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake fundi bomba alipokuja. Nikasikia sauti mlangoni, nikainuka upesi kwenda kutafsiri. Nilipofika, Mama alikuwa ameshapatana naye bei, ameshamwonyesha bomba, na wote wawili wanacheka. Aliniona nimesimama pale.

"Vipi, mwanangu, unatafuta nini?"

"Hakuna kitu, Mama," nikasema, nikarudi kukaa.