Mwanamke wa Jipe Aliyetufunulia Injini

Wajukuu zangu hucheka nikisimulia haya. Wacheke. Nilikuwepo, na mtoto aliyekuwa mapajani mwangu siku ile ndiye mama yao. Ukitaka kuniita mwongo, anza na yeye.

Ilikuwa baada ya vile vita vya Wazungu vilivyolaza watu wengi pale kilimani Salaita. Mimi ni mtoto wa Voi, nyumba ya Kiislamu, lakini nikaolewa na Mwakio, Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, tukahamia kando ya Ziwa Jipe. Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge alikuwa na motaboti, injini yake iko ndani, katikati, imefungiwa kwenye sanduku la mbao. Kuiwasha ilikuwa kazi ya mume wangu. Ikiwaka, anatembea siku nzima kama baba wa mapacha.

Asubuhi za baridi injini ile ilikuwa haitaki kuamka. Mwakio akaamua ni kama mzazi aliyejifungua juzi, upepo utamdhuru. Si mzazi hufungiwa madirisha akafunikwa mpaka atoke jasho? Basi kila jioni analifunga sanduku, gunia juu, na juu ya gunia blanketi. Blanketi letu, nakwambia. Sisi tunatetemeka, injini imejifunika.

Siku hiyo Zuhura wangu, mwaka hajatimiza, aliwaka homa mpaka macho yakageuka. Dawa ilikuwa ng'ambo, upande wa Upare, kwa mama mmoja wa misheni. Kuzunguka ziwa kwa miguu ni kutwa nzima, na simba wa Jipe hawajali nani mgonjwa. Mzungu alikuwa safarini.

"Tutavuka na boti yake," Mwakio akasema. "Akinifukuza, na anifukuze."

Nikamviringisha mtoto kwa shuka na kanga, nguo juu ya nguo, tukashuka majini. Jua lilikuwa la utosi, saa ambayo bibi zangu walinikataza kusimama penye maji.

Mwakio alikuwa na kiko mdomoni, kinawaka. Akainama kushika hendeli ya kuizungusha injini iwake. Hapo ndipo nilipomwona mwanamke ameketi ukingoni mwa boti.

Niamini. Boti ile kuku akirukia inayumba. Huyu ameketi, na haikutikisika. Alitokea wapi? Nyuma yake ni matete na maji tu, na kaniki yake ilikuwa kavu.

Hakutusalimu. "Mbona mnawazika wangali hai?" akasema, kwa Kiswahili cha bibi zangu.

"Nani anazikwa?" Mwakio akajibu. "Mama, shuka tafadhali. Tuna mgonjwa."

"Mna wagonjwa wawili. Tupa moto huo majini, kisha uwafunue wote."

"Injini hii ina baridi, mama."

"Na wewe una kichwa kigumu. Tupa."

Mwakio, ambaye mimi hajawahi kunisikiliza, akakitupa kiko ziwani. Akaondoa blanketi, akaondoa gunia, akainua kifuniko. Harufu ya petroli ikatupiga mpaka machozi yakatutoka. Usiku kucha ilikuwa ikidondoka, imejaa tumboni mwa boti, na mvuke wake umefungiwa humo kama uji chunguni. Cheche moja ya kiko na tungekuwa wapi sisi watatu?

Yule mwanamke mwenyewe akazikunjua nguo za Zuhura, akamwekea kiganja kifuani. Mtoto akalia. Tangu alfajiri alikuwa hajalia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko asali.

"Sasa ngojeni," akasema.

Tukangoja. Mwakio akaiteka ile petroli iliyomwagika kwa kata, akapangusa, akakaza bomba lililokuwa likivuja. Harufu ilipokwisha kabisa ndipo akatia petroli kidogo kwenye vikombe vya juu ya injini, akarudisha nyuma kijiti cha kuchelewesha cheche ili hendeli isirudi kwa nguvu ikamvunja mkono, akaivuta kwenda juu, dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.

Nikageuka nimshukuru. Hayupo. Maji yametulia, hata tete moja halijainama.

Tulifika. Homa ilikuwa imeshuka nusu, na dawa ikamaliza iliyobaki. Nilikaa ukingoni mwa ziwa, upande wa Upare, nikacheka peke yangu kama mwehu, mwanangu ananyonya.

Lakini hadi leo, kiganja kile hakijatoka. Mguse Zuhura kifuani, hata akiwa na homa, hata Voi jua likichoma mabati, pale pana ubaridi wa jiwe la mtoni. Watoto wake wote wamelala hapo.

Kwa hiyo wewe unayeshika injini ya ndani ya boti, nisikilize mimi bibi nisiyesoma. Moto weka mbali. Funua, nusa, ngoja, halafu ndipo uvute. Sisi tulipata wa kutuambia. Wewe usikae ukimngoja.