Mkono wa Kulia wa Birago

Watu wa Bekwai, huko Ghana, wanasoma mikono. Mwanamke akiingia uwanjani kucheza ngoma ya adowa kwenye mazishi, hawahangaiki na kiuno chake. Mikono ikikunjwa kifuani, wanajua ana uchungu. Yote miwili ikipanda kichwani, wanajua amefiwa na mtu ambaye hatapata mwingine kama yeye. Na mkono wa kushoto ukinyanyuka peke yake, hayo ni matusi, hata mtoto anayeanza kutambaa hushikwa huo mkono akarudishiwa chini. Mikono ya Yaa Birago ndiyo waliyoipenda kuisoma kuliko yote. Alikuwa akiuza kenkey, madonge ya mahindi yaliyochachuka, karibu na stendi ya malori, lakini Jumamosi ya mazishi hakuna aliyemwita muuza kenkey.

Kisha titi lake la kulia likaota uvimbe. Alimwambia mtu mmoja tu duniani, mama yake, Eno Dufie. Wakaenda hospitali Kumasi wawili hao, wakaaga kwamba wanakwenda kumwangalia jamaa aliyejifungua, titi likakatwa. Siku ya kurudi, mama alifunga mlango wa chumba chake akamshika binti yake kidevu.

"Niapie hutasema. Wakijua, watasema nyumba yetu ina mkosi. Wajukuu zangu wa kike wataozea hapa uani bila waume."

"Mama, ni ugonjwa tu huu."

"Kwako ugonjwa, kwao uchawi. Niapie."

Birago akaapa. Kidonda kilipona vizuri, mkono ndio uliogoma. Chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, zilijitokeza nyuzi ngumu zilizokaza kama kamba ya kuanikia nguo, na kila alipojaribu kunyanyua mkono zilivuta hadi machozi yakamtoka. Kifua nacho kilibana, kana kwamba fundi alimpunguzia ngozi upande mmoja. Kufunga kilemba ikawa kazi ya nusu saa. Sufuria la juu ya kabati akaliacha hukohuko juu.

Binti wa mazoezi pale hospitali alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, polepole, mithili ya sisimizi. "Ukihisi unavuta, simama hapohapo, uvute pumzi. Usilazimishe, Mama. Ukilazimisha utanikumbuka." Basi kila asubuhi Birago alipanda ukuta wa chumba cha mama yake. Eno Dufie alimpaka mafuta ya shea kuanzia kwapani, akimsugua taratibu na kumtania kwamba ana kwapa la kuku wa Krismasi, kisha vidole vilipogoma, akachora alama ya mkaa palipofikiwa. Juu ya alama zote kulikuwa na msumari wa kutundikia kanga yake.

"Ukigusa msumari huu," mama alisema, "mkono umefika kichwani. Siku hiyo nakupikia supu ya konokono."

Mama akafa kabla ya konokono. Alikunywa uji aliopikiwa na Birago, akalala, hakuamka.

Habari ilipotoka, uani palijaa kilio. Wanawake wote wa ukoo walijitwika mikono kichwani. Birago, binti mkubwa, alisimama katikati yao mikono ikining'inia. Aliyeona wa kwanza ni mdogo wake, Foriwaa, ambaye tangu utotoni alimpigia dada yake makofi uwanjani huku meno ameyauma.

"Dada, mikono yako imeolewa? Inaona aibu mbele ya watu?"

"Inaniuma. Baridi yabisi."

"Baridi yabisi imengoja mama afe!"

Walicheka wachache, kicheko cha pembeni. Lakini kufikia jioni hakukuwa na kicheko tena. Shangazi mmoja aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya tu, ni nani aliyempikia marehemu uji wa mwisho. Mwingine akamjibu. Wote wakatazama mikono ya Birago. Kwa watu hawa, mtoto asiyejitwika mikono kwa mama yake ana jambo na kifo hicho, na jambo lenyewe halitajwi, ila watu huacha kununua kenkey yako.

Nawachukia kwa hilo, na nimekaa nao miaka mingi ya kutosha kuwachukia kwa haki. Neno moja tu la Birago lingewafunga midomo. Angefungua blauzi mbele ya mashangazi wawili, basi. Lakini aliapa, na aliyemwapia alikuwa kwenye jokofu la maiti, hakuna wa kumfungulia kiapo.

Mkuu wa ukoo alitoa uamuzi wake bila kumtazama usoni. Siku ya mazishi, ngoma zikiita, binti mkubwa ataingia uwanjani wa kwanza. Akijitwika mikono, maneno yatakwisha. Asipojitwika, ukoo utajua la kufanya naye.

Maiti ilikuwa ikimngoja kaka yao, Sarpong, apate likizo huko Ujerumani. Birago alimwomba Mungu likizo ichelewe. Alihamia chumba cha mama, akapanda ukuta asubuhi na jioni, akajipaka mafuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akachora mkaa mwenyewe. Na ukuta ulikuwa unaitika. Baada ya wiki chache vidole vilibakiza kama upana wa kiganja kuufikia msumari. Akaanza kutabasamu peke yake, jambo ambalo Foriwaa alilichungulia dirishani na kwenda kulitangaza.

Kisha Sarpong akapiga simu. Likizo imepatikana mapema, mazishi yavutwe mbele, na nyumba ipakwe rangi, maana wenzake wa Hamburg watatazama video. Birago alipotoka kununua mahindi, mafundi waliingia. Aliporudi, chumba cha mama kilikuwa cheupe. Alama za mkaa hazipo, zake wala za mama. Msumari umeng'olewa, tundu limezibwa.

"Umenuna nini?" Foriwaa alimuuliza, brashi mkononi. "Ukuta ulikuwa mchafu, umejaa masizi kama jiko. Ulitaka wageni waone uchafu wa mama?"

Birago alikaa kitandani kwa mama yake akaupakata mkono wake wa kulia, na chuki aliyoihisi kwa mdogo wake siku ile haikuwahi kumtoka tena.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulikuwa mwekundu na mweusi kwa nguo za msiba. Jeneza lilikuwa mbele, wazee wamepangwa kwenye viti, na mpiga picha wa video alikuwa akihangaika na waya zake. Sarpong, miwani ya jua usoni, alikuwa akiwaonyesha watu saa yake. Ngoma kubwa mbili zikaita jina la binti mkubwa. Birago akaingia.

Alianza kwa miguu, na kwa muda mfupi wakasahau ubaya wao, maana hata kwa miguu tu alikuwa bora kuliko wote. Alizunguka, akainama mbele ya wazee, akafika mbele ya jeneza. Ngoma zikapunguza sauti. Kila mtu aliinua shingo.

Mikono ikaanza kupanda pamoja. Ilipofika mabegani, wa kulia ukasimama. Zile nyuzi zilikaza hadi vidoleni na kifua kikabana akakosa pumzi. Hapo ndipo alipotakiwa asimame. Alimsikia Foriwaa akisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Si niliwaambia?" Basi akalazimisha.

Kitu kilikatika kwapani. Yeye mwenyewe alikisikia kikilia. Mkono ukarushwa juu, ukatua kichwani kando ya mwenzake, na Birago akapiga ukelele uliowaamsha popo kwenye miti ya nyuma ya kanisa.

Uwanja ukalipuka. "Huyo ndiye binti!" "Lia, Mama, lia!" Wanawake walimkimbilia, wakamwinulia vidole viwili viwili juu ya kichwa, sifa ambayo mchezaji hupewa akiwagusa watu moyo. Shangazi aliyeuliza habari za uji alikuwa akibubujikwa machozi. Mkuu wa ukoo aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwanamke yule hakuwa amemlilia mama yake. Alikuwa amelilia mkono. Mama hakupata hata chozi moja katika ukelele ule, na Birago alijua hivyo, na aibu yake ilimuuma pamoja na kwapa.

Mkono ukashuka wenyewe, ukaning'inia. Alikuwa akigeuka kutoka uwanjani, kilemba kimemdondokea shingoni, Sarpong alipomziba njia.

"Sista, subiri. Rudia kidogo. Kamera haikupata."

"Siwezi."

"Mara moja tu. Waya ulichomoka. Watu wa Hamburg wamechangia, wataona nini?"

"Mkono umekufa, Sarpong. Niache."

Foriwaa akaja, anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Umekufa vipi, na tumeuona sasa hivi? Kumbe siku zote ulikuwa unaweza, ulikuwa unatuchezea tu. Nyanyua, Dada. Usimwaibishe mama." Akawafanyia ishara wapiga ngoma, na ngoma zikaita upya.

Birago akalitazama jeneza. Humo alikuwa mtu pekee aliyeujua mkono huu, aliyeupaka mafuta na kuutania na kuuchorea mkaa, na hata mkaa wenyewe wamemfutia. Sasa ndipo ilipomwingia kwamba hatapakwa tena na mtu yeyote. Alijaribu kuunyanyua wa kulia, haukusogea. Akanyanyua aliokuwa nao.

Mkono wa kushoto ulipanda peke yake bila shida, ukatua kichwani, na hapo ndipo Birago alipomlilia mama yake, kwa machozi ya kweli, bila sauti.

Ngoma zilikatika. Mzee mmoja akasimama na kukung'uta shuka lake kama aliyetemewa mate. "Kushoto! Mbele ya maiti ya mama yake!" Vidole vyote viwili viwili vikashuka. Mpiga picha, ambaye sasa waya zake zilikuwa sawa, alikuwa amepata kila kitu.

Ukoo ulimtoza kondoo na pombe ya wazee, akavilipa. Mkono ukavimba hadi kwenye vifundo vya vidole, na kenkey yake ikaliwa na nzi. Video ile ipo mpaka leo. Kila Desemba Sarpong akija nyumbani huiweka, na Foriwaa huwaonyesha watoto mahali pa kutazama.