Wimbo wa Marehemu Baba Mkwe Unawapoteza Wanafunzi Wangu

Admin, nisitiri jina langu na la shule pia, maana wazazi wengi wa hapa Mwanza wanakufuata.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nina shahada ya ualimu, nafundisha Kiingereza darasa la saba kwenye shule binafsi maeneo ya Mabatini. Mwenye shule ni mama wa mchumba wangu. Mwanzoni niliona ni baraka, kazi na ndoa vimeingia kwa mlango mmoja. Sasa nikifika getini natamani kugeuza nirudi.

Kila asubuhi paredi, watoto pamoja na sisi walimu tunaimba wimbo alioutunga marehemu baba mkwe, mwanzilishi wa shule. Ni mtamu, hata mimi nikifua najikuta nauimba. Lakini unafundisha aina za maneno ya Kiingereza kinyume: vielezi unaviita vivumishi, na vivumishi unaviita nomino. Wanauanza chekechea, wakifika kwangu umeshawakaa damuni. Nawaelekeza, wanaelewa vizuri, kesho yake paredi inafuta.

Nilimfuata mama mkwe ofisini, nikapiga magoti. "Shikamoo mama. Naomba turekebishe maneno machache tu kwenye wimbo."

Aliweka kalamu mezani. "Binti yangu, walioimba huo wimbo leo wanatibu watu. Wewe hujalala hata usiku mmoja kwenye nyumba yangu, umeshaanza kumsahihisha mume wangu kaburini?"

Aliyenimaliza ni mchumba wangu. "Mama anajua wimbo una makosa," alisema. "Mkaguzi alishamwambia. Lakini ule ndio uliobaki wa baba, ukimnyang'anya atalala asiinuke. Vumilia mke wangu, ni Kiingereza tu."

Kiingereza tu! Ndicho kinachonipa ugali, na ndicho watoto wale watakachopimwa nacho.

Kuvunja uchumba siwezi. Kwetu Magu ng'ombe wa mahari walishapokelewa, na hawakukaa zizini. Baba aliwapeleka ukweni kwa kaka yangu, kaka akaoa, na sasa wifi ni mjamzito. Baba atawatoa wapi wengine wa kurudisha? Nilipomgusia mama yangu kwenye simu aliniuliza, "Mwanangu, kwa sababu ya wimbo?"

Sasa mama mkwe ameamua wimbo urekodiwe studio Jumamosi hii, urushwe mtandaoni kumkumbuka marehemu, na mimi ndiye niongoze. "Mtasikia sauti ya mkwe wangu," anawatangazia walimu, nao wanapiga makofi.

Jana baada ya kipindi, mwanafunzi wangu mmoja alibaki darasani. Ni msichana mwenye akili, wazazi wake wanalima mpunga ili asome.

"Madam, kwenye mtihani wa taifa nijibu ya kwako au ya wimbo?"

"Ya kwangu," nikamwambia.

Akafunga begi lake taratibu. "Sasa mbona na wewe unaimba?"

Ndugu zangu, hasa mlioolewa mnaojua ukwe ulivyo, msinitukane, nisaidieni mawazo. Jumamosi niende nikaimbe, au nikatae na kuwavunjia heshima wazazi wangu? Nishaurini, nifanye nini?