Taya la Kokoo

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kujifunga skafu usoni mpaka darasani, Kitengela yetu hii yenye jua kali. Wasichana wenzake walimwambia ana taya la mwanaume. Mwalimu alipomchagua kuongoza wimbo kwenye tamasha la shule, alikataa katakata. Nilifoka, nikabembeleza. Wapi! Na taya lenyewe kalirithi kwangu mimi mama yake, nami nimelirithi kwa mama, kwa hiyo maneno ya wale wasichana yalinichoma pia.

Mimi hukaa mapokezi katika kliniki ya meno. Wakati huo daktari wetu, mtu wa kujiamini kupita kiasi, alikuwa akifanya utafiti. Alipima taya kwenye picha za eksirei zenye namba tu, akakisia kama ni la mwanaume au mwanamke, kisha akafungua faili kuona kama amepatia. La mwanaume, alisema, kwa kawaida ni refu na pana zaidi.

Likizo ilipofika, mama, ambaye binti yangu humwita Kokoo, yaani nyanya, alitoka Kajiado, gego likimsumbua. Binti yangu alimsindikiza kliniki, skafu hadi puani. Mama alipigwa picha na kukubali iingie kwenye utafiti, kisha wakaketi kumngoja daktari, ambaye alikuwa hajamwona bado.

Daktari akafungua picha za asubuhi hiyo nikimpangia faili chumbani mwake. Katika moja aliona pengo la meno mawili ya chini, yale ambayo Wamaasai wa zamani waling'olewa utotoni. Akapima.

"Huyu ni mzee wa Kimaasai," akatangaza. "Mwanaume, bila shaka."

Nilichungulia namba, niliyoiandika mwenyewe, nikacheka mpaka nikashika meza. "Daktari, huyo mzee ni mamangu."

Mama alikuwa amesikia. Akasimama mlangoni, shavu limevimba. "Na hii taya nimezaa watoto nane. Kwa harusi zote za kwetu, ni mimi naanzanga wimbo. Sasa mimi ni mwanaume?"

Daktari aliona haya, lakini hakufuta jibu alilokwisha kuandika. "Kosa langu lazima libaki hapa, mama. Vipimo vinaonyesha vile watu wengi wako. Havijui mtu mmoja mmoja."

Binti yangu alisogea, akaitazama picha ya nyanyake kwa muda mrefu. Akaomba ajaze mwenyewe nafasi ya jibu sahihi. Akaandika: mwanamke. Kisha akafungua skafu na kuikunja.

"Kokoo," akasema, "nionyeshe vile unaanzanga."

Gego lilikuwa bado halijang'olewa. Mama aliimba hivyo hivyo, na mtoto wangu akamwitikia kwa mdomo wazi, sauti ikafika barabarani.