Panya Wasioshiba na Posa ya Kaka

Kazi yangu ni kulisha panya. Nikisema hivyo hapa Donholm, ambako majirani hununua sumu ya kuwaua, watu hucheka mpaka washike mbavu. "Ati unalipwa kwa hiyo?" Nalipwa, ndiyo, na shahada ninayo, na atakayeniuliza tena tutagombana.

Panya wenyewe ni wa maabara, na baadhi yao ni wanene ajabu, wameviringana hata kutembea ni shida. Chanzo ni jeni moja tu. Mwili ukishakuwa na akiba ya kutosha, mafuta yenyewe hutoa homoni ya kuuambia ubongo: tosha, ondoka mezani. Ubongo huipokea homoni hiyo kwa kipokezi, na maelekezo ya kutengeneza kipokezi yamo ndani ya jeni hiyo. Kwa panya wangu wanene, jeni imeharibika. Homoni imejaa tele kwenye damu, inabisha hodi, na hakuna wa kuifungulia. Basi ubongo unaamini kuna njaa, na panya anakula tu. Mwanzoni niliwaita walafi. Siku hizi nawaonea huruma, maana mlafi hula kwa raha, lakini hawa wanakula kwa njaa.

Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori, nilizoea kumwita mmoja wao. Pale Soko la Burma wachoma nyama wakimwona tu wanaongeza makaa. Nyumbani tulificha chapati tukisikia hatua zake kwenye ngazi. Kwa hiyo alipopata mchumba, na ikabidi twende kujitambulisha kwa kina msichana kule Kware, mama alimwekea sheria. "Kula kidogo. Wakilijua tumbo lako, mke humpati." Mimi niliunga mkono kwa nguvu zote. Msichana alikuwa amelelewa na shangazi yake, na neno la mwisho lilikuwa la shangazi huyo. Kaka alimpenda msichana yule mpaka akanunua tai.

Tukapanda ngazi mpaka gorofa ya juu kabisa. Shangazi alikuwa ameinjika muthokoi tangu alfajiri, mahindi na maharagwe yameiva mpaka yanateleza, na kuku wa kienyeji pembeni. Kaka akala vijiko vichache, akasukuma sahani. "Nimeshiba, shangazi. Asante." Jasho lilikuwa linamtoka.

Shangazi akaweka kijiko chini. "Umeshiba nini? Kwani ulikula kwenu kwanza? Ama mama yako alikuambia huku kwetu watu hurogwa?"

Mama akaanza kukohoa. Hapo mdomo wangu, ambao haujawahi kunisikiliza, ukafunguka. "Shangazi, usikasirike! Hajashiba! Huyu hashibi!" Nikamweleza habari zote za panya, homoni na kipokezi, mikono ikienda huku na huku. Nilidhani ninamwokoa.

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo kitu hurithiwa?"

"Kwa panya, ndiyo. Lakini lazima mtoto aipate pande zote mbili, kwa baba na kwa mama." Nilikuwa nikimtuliza.

"Kwa hiyo unasema na msichana wetu ni panya?"

Wueh! Mama alinifinya paja nusura nipige kelele. Kaka akanitazama. Hasira hakuwa nayo, alikuwa na aibu tupu, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze na shahada yangu.

"Sema mwenyewe," shangazi akamwambia. "Mdomo si unao?"

"Mimi habari za panya sizijui, shangazi. Niko na njaa tu. Niliambiwa nisile."

Shangazi akamjazia sahani. Akala, ikaisha. Akamjazia tena, ikaisha pia. Shangazi hakucheka hata kidogo. Akamwita mpwa wake, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Wewe. Utaweza kumpikia mtu kama huyu maisha yako yote? Sema sasa, usije ukanililia baadaye."

Kaka akaacha kutafuna.

"Simpikiangi, shangazi," msichana akasema polepole. "Yeye ndiye hunipikia. Nikichelewa kazini nampata amepika, amefunika, amekaa hapo ananingoja. Hagusi mpaka nifike."

"Hagusi?"

"Hata kuonja."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

Mama alimgeukia kaka kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Shangazi akanyoosha mkono, akachukua paja la kuku kwenye sahani yangu, ambalo hata sikuwa nimeliuma, akaliweka kwenye sahani ya kaka.

"Kula, mwanangu," akasema. "Hapa usingoje mtu."